Milonga: Neno la Kibantu Ndani ya Furaha ya Tango

Utangulizi

Muhula uliopita tulikuwa darasani tukijadili ngoma za jamii mbalimbali, mwanafunzi mmoja akataja dansi ya tango kutoka Ajentina. Darasa zima likaangua kicheko. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akauliza iwapo dansi hiyo huchezwa kabla ya kuandaa kachumbari au baada yake. Nasi tulicheka. Kicheko kilipotulia, tuliandika ubaoni neno jingine, milonga, tukawaeleza kwamba hivyo ndivyo wakazi wa jiji la Buenos Aires wanavyoita mkusanyiko wa watu wanaokutana kucheza tango. Safari hii hakuna aliyecheka. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, mbona hilo linasikika kama la kwetu?"

Alikuwa amesikia sawasawa. Makala haya ni jibu refu la swali lake, ambalo kengele haikuturuhusu kulimaliza siku ile. Tunakusudia kueleza jinsi neno la Kibantu lilivyovuka Bahari ya Atlantiki pamoja na watu waliofungwa minyororo, likaishia kuwa jina la mojawapo ya furaha kubwa za jamii katika Amerika ya Kusini. Aidha, tunakusudia kuonyesha kwamba furaha yenyewe, ukiitazama kwa makini, si ya watu wawili waliokumbatiana kama picha za matangazo zinavyotuaminisha. Ni furaha ya ukumbi mzima, na mizizi yake iko kwa watu ambao historia iliyoandikwa ilikaribia kuwafuta.

Neno lilivyovuka bahari

Katika sensa ya mwaka 1778, jiji la Buenos Aires lilikuwa na watu 24,363. Kati yao, 7,236 walihesabiwa kuwa Waafrika au machotara wa asili ya Kiafrika. Kwa maneno mengine, karibu watu watatu katika kila kumi. Idadi hiyo iliongezeka, kwani kati ya mwaka 1777 na 1812 zaidi ya watumwa 60,000 walifikishwa katika eneo la mto Río de la Plata, yaani Ajentina na Urugwai za leo. Baadhi walipitishwa Brazili kwanza, wengine walisafirishwa moja kwa moja kutoka Afrika. Wengi walitoka Angola na Kongo. Lakini msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kujua pia kwamba meli nyingi zilizopeleka watumwa huko moja kwa moja zilitoka upande wetu wa bara, katika bandari za Msumbiji. Hivyo basi, ndani ya jiji lile palikuwa na maelfu ya watu waliozungumza lugha za Kibantu, kutoka pwani zote mbili za Afrika.

Mojawapo ya lugha hizo ni Kimbundu, kinachozungumzwa Luanda na maeneo yanayoizunguka nchini Angola. Katika Kimbundu, mulonga maana yake ni neno, na wingi wake ni milonga. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi kutambua ngeli hii: ni M-MI yetu ile ile, mti na miti, mkono na mikono. Tena maana yake haiishii kwenye neno linalotamkwa. Mulonga ni pia shauri, hoja au mzozo. Hapa napo hatuna sababu ya kushangaa. Sisi wenyewe tunaposema "leo nyumba ile ina maneno", hatuna maana ya msamiati.

Mzizi huo haujakaa Angola peke yake. Kamusi za Kiswahili zina kitenzi longa, chenye maana ya kuzungumza. Katika Kikongo, longa ni kufundisha, na mwalimu ni nlongi. Kwa hiyo kazi yetu sisi tunaosoma jarida hili, na usiku wa dansi kule Buenos Aires, vinakutana katika shina moja.

Waliozungumza Kihispania walipolichukua neno hilo walilichukua katika wingi wake, wakalifanya umoja, kisha wakaliongezea wingi wa lugha yao: la milonga, las milongas. Ni wingi juu ya wingi. Tusiwacheke, kwa sababu Kiswahili nacho kilipolipokea neno la Kiarabu kitabu kilidhani silabi ya kwanza ni kiambishi, kikatuzalia vitabu. Lugha inayopokea mgeni humvisha nguo za nyumbani.

Milonga haikusafiri peke yake. Katika Kihispania cha Ajentina lipo neno quilombo, ambalo leo ni fujo au vurugu, na ambalo zamani lilikuwa pia jina la danguro. Asili yake ni kilombo cha Kimbundu, yaani kambi. Lipo vilevile neno mucama, ambalo ni mtumishi wa kike wa nyumbani au hotelini. Wanafunzi wetu wa Uganda hushtuka wanapolisikia, maana katika Luganda Mukama ni Bwana, na katika Bunyoro Omukama ni mfalme. Hatudai kwamba maneno haya ni ndugu. Mukama wa Kimbundu alikuwa mjakazi aliyefanywa hawara na bwana wake. Tazameni basi ni maneno ya aina gani yaliyosalia: kambi, mjakazi, maneno. Msamiati huo peke yake unatosha kutuonyesha maisha ya waliouleta.

Na tango lenyewe? Mwanzoni mwa karne ya 19, katika Buenos Aires na Montevideo, neno hilo lilitumika kutaja mahali ambapo watu weusi walikusanyika kupiga ngoma na kucheza, pamoja na ngoma zenyewe. Kuhusu asili yake, wapo wanaolihusisha na lugha za Kongo, na wapo wanaolihusisha na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kugusa. Wataalamu hawajakubaliana, nasi hatutawaamulia. Ila tango letu la kachumbari halimo katika ugomvi huo.

Kutoka kwenye maneno hadi kwenye dansi

Watumwa wa Buenos Aires, pamoja na wale waliokuwa wamepata uhuru, walijipanga katika vyama vilivyoitwa "mataifa". Palikuwa na taifa la Kongo, la Angola, la Benguela, la Msumbiji na mengineyo. Katika miaka ya 1820 serikali ilivitambua vyama hivyo rasmi. Kila chama kilikuwa na viongozi wake na michango yake. Mojawapo ya matumizi makuu ya fedha hizo lilikuwa kuwanunulia uhuru wanachama ambao bado walikuwa watumwa. Mtu yeyote wa kwetu anayechangia chama cha kuzikana, au kikundi cha kuweka na kukopa, anaelewa mara moja walichokuwa wakikifanya.

Siku za Jumapili na sikukuu, vyama hivyo vilicheza candombe, ngoma ya duara na mistari iliyoongozwa na mapigo ya ngoma za ngozi. Gavana Juan Manuel de Rosas, aliyetawala kwa sehemu kubwa ya kipindi cha 1829 hadi 1852, alihudhuria ngoma hizo pamoja na binti yake ili kujijengea wafuasi. Rosas alipopinduliwa, matajiri waliomchukia waliichukia na candombe pia, wakaieleza katika maandishi yao kama kelele za washenzi.

Hata hivyo, neno milonga lilikuwa limekwisha kushika njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya ushairi. Milonga ukawa ni wimbo wa gita, na baadaye mahadhi ya payada, yaani majibizano ya ushairi wa papo kwa papo baina ya watunzi wawili, mmoja akiuliza na mwingine akijibu. Hapa maana ya Kimbundu, maneno na mzozo, bado inaonekana waziwazi, na wapenzi wa malumbano ya malenga wa pwani yetu wangejisikia nyumbani. Mtunzi aliyeyapa majibizano hayo mahadhi ya milonga, na ambaye anahesabiwa kuwa miongoni mwa mashujaa wa sanaa hiyo, alikuwa Mwajentina mweusi, Gabino Ezeiza, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufariki mwaka 1916.

Njia ya pili ilikuwa ya dansi. Mwaka 1872 José Hernández alichapisha Martín Fierro, utenzi unaohesabiwa kuwa msingi wa fasihi ya Ajentina. Humo tayari neno milonga limetumika kwa maana ya mkusanyiko wa dansi. Lakini angalieni tukio lenyewe. Shujaa wa utenzi anakwenda kwenye milonga, analewa, anamtusi mwanamke mweusi aliyekuja kucheza, kisha anamuua kwa kisu mwanamume aliyefuatana naye. Katika sehemu ya pili ya utenzi, iliyotoka mwaka 1879, ndugu wa marehemu anamkabili muuaji. Hamkabili kwa kisu bali kwa payada, neno kwa neno. Mwanafasihi anayetafuta historia nzima ya milonga katika kitabu kimoja ataipata hapo: dansi, damu na maneno.

Mwaka 1883 mwandishi Ventura Lynch alieleza kwamba vijana wa mitaa ya pembezoni walikuwa wameiunda milonga ya kucheza kwa kudhihaki ngoma za watu weusi. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini huwezi kumwiga mtu kwa kejeli bila kumtazama kwa makini, na anayetazama kwa makini hujifunza hata asipotaka. Vijana wale walichukua mikato ya ghafla na kupinda kwa kiuno katika candombe, wakaviingiza katika dansi za Ulaya zilizochezwa na wawili waliokumbatiana, kama vile polka, mazurka na habanera iliyotokea Kuba. Dhihaka ilisahauliwa, mwendo ukabaki.

Wakati huohuo meli zilikuwa zikishusha wahamiaji kutoka Italia, Uhispania na kwingineko. Kufikia sensa ya mwaka 1914, karibu nusu ya wakazi wa Buenos Aires walikuwa wamezaliwa nje ya nchi, na wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Wengi walipanga katika nyumba zilizoitwa conventillo, zenye vyumba vingi vinavyotazamana na ua mmoja, familia nzima chumba kimoja. Hapa Kampala tungeziita mizigo. Kutoka Ujerumani kikaja chombo cha mivuto kiitwacho bandoneon, kilichopewa jina la Heinrich Band wa Krefeld, nacho kikawa sauti ya huzuni ya tango. Mwaka 1897 mpiga piano mweusi, Rosendo Mendizábal, alitunga El entrerriano, mojawapo ya tango za mwanzo kabisa ambazo bado zinapigwa hadi leo.

Kwa hiyo katika ua ule walikutana watoto wa waliokuwa watumwa, vibarua wa Kiitaliano, na wachungaji wa ng'ombe waliofukuzwa na nyaya za mashamba. Hawakuwa na lugha moja ya mazungumzo. Walikuwa na dansi.

Matajiri wa jiji waliona haya juu ya jambo hilo mpaka Paris ilipolipenda, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Dansi iliyokuwa aibu mjini kwake ilirudi na muhuri wa Ufaransa, ikafunguliwa milango ya mbele. Kisa cha namna hiyo tunakijua vizuri, nasi hatutakaa nacho.

Furaha ya ukumbi mzima

Sasa tuingie ndani. Milonga ya leo inaweza kuwa katika ukumbi wa fahari wenye nguzo, au katika uwanja wa mpira wa kikapu wa klabu ya mtaa, kama ule wa Klabu ya Sunderland katika mtaa wa Villa Urquiza. Meza hupangwa pembeni na katikati huachwa wazi. Muziki hupigwa kwa mafungu yaitwayo tanda. Kwa kawaida tango huwa nne katika fungu moja, na nyimbo huwa tatu katika fungu la vals au la milonga, maana milonga ni jina pia la dansi yenye mwendo wa haraka. Nyimbo za fungu moja huwa za bendi moja, ili wanaocheza wasihangaishwe na mabadiliko. Kati ya fungu na fungu hupigwa kipande kifupi cha muziki tofauti kabisa, kiitwacho cortina, yaani pazia. Pazia likishuka, kila mtu hurudi kwenye meza yake. Hakuna anayemiliki uwanja wala mwenzake.

Jinsi ya kuombana dansi ndiyo iliyotuvutia zaidi sisi walimu wa lugha. Katika milonga za desturi, mwanamume haendi mezani kwa mwanamke na kunyoosha mkono. Hutazama kutoka mbali. Mwanamke akitaka, hukutanisha macho na yake, mwanamume hutikisa kichwa kidogo, mwanamke naye hukubali kwa ishara, ndipo mwanamume huinuka. Asipotaka, hutazama kwingine, na mambo huishia hapo. Ukumbi mzima haujui kwamba fulani amekataliwa. Desturi hii huitwa cabeceo, na faida yake ni ya wote: anayekataa hasumbuliwi, anayekataliwa haaibiki. Adabu ya namna hii tunaifahamu. Wazee wetu walipotuma mshenga, hawakufanya hivyo kwa kukosa miguu ya kwenda wenyewe.

Wakiingia uwanjani, wawili hao hujiunga na mzunguko uitwao ronda. Wote huzunguka upande mmoja, kinyume na mwendo wa saa, katika njia zinazofuatana kama magari. Huruhusiwi kumpita aliye mbele kwa pupa, kurudi nyuma bila kuangalia, wala kurusha miguu juu na kuwaumiza wenzako. Hatua hazikupangwa kabla. Anayeongoza hubuni papo hapo kwa kusikiliza muziki, kwa kumsikiliza anayemfuata, na kwa nafasi anayoachiwa na jozi iliyo mbele yake. Yaani ubunifu wa kila jozi umo mikononi mwa majirani zake. Jozi moja ikikosea, duara zima hukwama. Duara likienda vizuri, wachezaji husimulia kwamba ukumbi wote hupumua pamoja.

Ni hapo tunapoona tofauti kubwa kati ya tango ya jukwaani na tango ya jamii. Ya jukwaani hutazamwa, na ndiyo yenye ua mdomoni na miguu angani. Ya jamii haitafuti mtazamaji. Mzee wa miaka 80 mwenye hatua nne tu anaweza kutafutwa kwa macho na nusu ya wanawake wa ukumbi, kwa sababu anakumbatia vizuri na anausikia muziki. Binti wa chuo hucheza na fundi bomba, daktari na muuza magazeti, kila mmoja kwa takribani dakika kumi na mbili, kisha pazia. Wengi hufahamiana kwa miaka mingi bila kuulizana kazi zao. Tena wakati wa kucheza hawazungumzi. Maongezi hufanyika katika sekunde chache kati ya wimbo na wimbo, muziki ukianza wote hunyamaza. Hivyo mkusanyiko unaoitwa "maneno" umekuwa mahali pa kusema bila maneno.

Zamani vijana wa kiume walijifunza kwa kuchezeana wao kwa wao katika mazoezi ya mtaani. Kijana alianza kwa kufuata, akiongozwa na wakubwa kwa miezi kadhaa, kabla ya kufundishwa kuongoza. Mtu aliyekwisha kuongozwa hujua maumivu ya kuongozwa vibaya. Siku hizi mipaka hiyo imelegea. Ziko milonga ambamo wanawake huongoza, na ambamo yeyote hucheza na yeyote, lakini duara na pazia vimebaki vilevile. Na usiku ukiisha, wimbo wa mwisho kwa desturi ni La cumparsita, uliotungwa na Gerardo Matos Rodríguez wa Urugwai. Ukipigwa, kila mtu anajua kwamba ni wakati wa kutafuta koti lake.

Enzi za neema na enzi za kiza

Kuanzia mwaka 1935 hivi hadi 1955, tango ilikuwa dansi ya umma kweli. Bendi za Juan D'Arienzo, Carlos Di Sarli, Aníbal Troilo na Osvaldo Pugliese zilijaza kumbi, na wakati wa kanivali klabu za michezo zilipokea maelfu ya wachezaji kwa usiku mmoja. Pugliese alikuwa mkomunisti na alifungwa zaidi ya mara moja. Alipokuwa kizuizini bendi yake iliendelea kupiga bila yeye, na juu ya piano yake liliwekwa ua jekundu la mkarafuu. Watu walicheza, na kila aliyepita mbele ya piano ile alijua ni nani aliyekosekana.

Mwaka 1955 jeshi lilimpindua Rais Juan Perón. Amri za kutotoka nje usiku na hofu ya mikusanyiko vikauma milonga, huku vijana wakivutwa na muziki mpya wa roki. Utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, uliowapoteza maelfu ya watu, uliongeza kiza. Dansi inayohitaji watu wengi katika chumba kimoja usiku ni rahisi kuiua kwa kuwatisha watu wasitoke. Haikufa. Wazee waliendelea kukutana katika klabu chache za mitaani. Demokrasia iliporudi mwaka 1983, mwaka huohuo onyesho la Tango Argentino lilianza Paris, na mwaka 1985 likafika Broadway, New York. Vijana waliovutiwa na jukwaa walikwenda kuwatafuta wazee mitaani, na kule wakakuta kitu ambacho jukwaa halikuwa nacho.

Misukosuko haikuisha. Desemba 2004 moto uliwaua watu 194 katika ukumbi wa muziki wa roki jijini Buenos Aires, na katika ukaguzi uliofuata kumbi nyingi za dansi zilifungwa kwa muda. Mwaka 2009 UNESCO iliiorodhesha tango, kwa maombi ya Ajentina na Urugwai, kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka huohuo candombe ya Urugwai iliorodheshwa pia, mama na mtoto wakasimama pamoja. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa UVIKO-19, na watu ambao furaha yao ni kukumbatiana na wasiowajua wakakatazwa kukumbatiana. Milonga zilinyamaza kwa miezi mingi, na baadaye zikarudi.

Waliofutwa na neno lililobaki

Turudi kwa wale tuliowaanza nao. Katika sensa ya jiji ya mwaka 1887, watu weusi wa Buenos Aires walihesabiwa 8,005 tu kati ya wakazi 433,375, chini ya wawili katika kila mia. Kwa muda mrefu watoto wa shule walifundishwa kwamba weusi "walitoweka": walikufa katika vita vya uhuru na vita dhidi ya Paragwai vya 1865 hadi 1870, kisha homa ya manjano ya mwaka 1871 ikawamaliza. Vifo hivyo vilikuwa vya kweli. Lakini kulikuwa na aina nyingine ya kutoweka, yaani kutoweka kwa kalamu. Machotara waliandikwa kwa majina mengine, wengine waliandikwa weupe, na wahamiaji wa Ulaya wakawazidi wote kwa idadi.

Katika sensa ya mwaka 2010, Waajentina 149,493 walitambuliwa kuwa na asili ya Kiafrika. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 302,936. Watu hawazaliani kwa kasi hiyo. Wengi wao walikuwapo siku zote, ila sasa swali limeulizwa na wao wamethubutu kujibu. Tangu mwaka 2013, tarehe 8 Novemba imewekwa kisheria kuwa siku ya taifa ya Waajentina wenye asili ya Kiafrika na utamaduni wao.

Wakati vitabu vilipokuwa vikisema kwamba watu hao hawapo, maelfu ya watu walikuwa wakiagana kila Jumamosi kwa kusema, kwa Kihispania, "tuonane kwenye milonga". Neno lilikuwa likitoa ushahidi kila wiki, wala hakuna aliyeuandika.

Hitimisho: somo kwa darasa letu

Tunayo mambo mawili ya kuwaachia wanafunzi na walimu wenzetu. La kwanza ni la mbinu. Mfanano wa sauti pekee hauthibitishi undugu wa maneno. Mulongo katika Luganda ni pacha, wala hana uhusiano na milonga. Tango la bustanini halina uhusiano na tango ya Ajentina. Kabla ya kutangaza kwamba neno fulani ni letu, tuulize maswali manne. Je, umbo linakubaliana? Je, maana inaweza kufuatwa hatua kwa hatua? Je, walikuwapo watu wa kulibeba? Je, wakati unaafikiana? Milonga inajibu yote manne. Tango bado haijajibu, na mwalimu mwaminifu husema hivyo mbele ya darasa.

La pili ni la moyo. Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tunajua jinsi lugha inavyoweza kubeba makosa ya waliowahi kuitumia. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu waliambiwa nyumbani kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na ya amri, na wapo wanaoambiwa hivyo hadi leo. Hatuwezi kumtoa mtu hofu hiyo kwa hotuba. Milonga nayo haikusafishwa kwa hotuba. Ilianza kama neno la watumwa, ikawa neno la dhihaka, ikawa neno la vurugu za mitaani. Iliheshimika kwa sababu watu wa kila namna walilitumia kuitana kwenye jambo walilolipenda, kizazi baada ya kizazi. Lugha nayo hupendwa pale inapoitia watu kwenye furaha yao.

Yule binti aliyesema neno linasikika kama la kwetu amechagua kuandika tasnifu yake ya shahada ya kwanza kuhusu maneno ya Kibantu katika lugha za Amerika. Kijana wa kachumbari naye ameomba tumtafutie kanda ya video ya milonga halisi, si ya jukwaani. Tutaionyesha idarani muhula ujao, baada ya vipindi, na viti tutavisogeza pembeni. Wasomaji walioko Rwanda, Burundi na Kongo, ambao lugha zao zina mzizi huu wa longa kwa maana tuliyoitaja au karibu nayo, wanaombwa watuandikie kabla ya toleo lijalo.